Damu ya mzee, kijani cha chupa: Uchumi wa duka la nyuzi Dodoma

Ugogo ni nchi ya mifugo. Ukipita Bahi, Chamwino au Kongwa asubuhi utakutana na makundi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo yakielekea malishoni, vumbi jekundu likitimka nyuma yao. Hata hivyo, katika zizi zima la kondoo hao hutapata sufu ya kutosha kusokota uzi wa kofia moja. Kondoo wa uwanda wa kati anafugwa kwa nyama na mafuta ya mkia. Mwili wake una nywele fupi zinazomfaa kwenye joto, na nywele hizo hazisokoteki. Kondoo wa sufu hupenda nyanda za baridi, kama zile zilizo jirani na Mlima Kenya, ambako Kanisa la Presbyterian lilianzisha mradi wa wanawake wa kusokota na kufuma sufu mjini Nanyuki mwaka 1977.

Kwa hiyo kila uzi unaofumwa Dodoma, wa kofia ya mtoto mchanga na wa sweta la kidato cha kwanza, umesafiri. Mwingi ni akriliki, uzi wa kiwandani unaotokana na kemikali za mafuta ya petroli, ulioanza kuuzwa duniani mwaka 1950 na ukaenea kwa sababu ni rahisi, unavumilia kufuliwa na hauliwi na nondo. Unasokotwa China, India na Uturuki. Jirani zetu Wakenya nao wana viwanda vyake Eldoret na Ruiru. Unapita Kariakoo, unapakiwa kwenye basi au treni, na mwisho wa safari unapangwa kwenye rafu za duka dogo ambalo watu wengi hulipita bila kuligeukia.

Makala hii inahusu duka hilo. Nataka kueleza linavyoishi, na nina jambo moja la kusema juu yake: duka la nyuzi husimama kwa idadi ya wafumaji wanaolizunguka. Wakiongezeka, mwenye duka analipa kodi na kuongeza mzigo. Wakipungua, hata ashushe bei namna gani, atafunga. Idadi ya wafumaji wa Dodoma, kwa upande wake, inategemea sana uamuzi ulio mikononi mwa shule zetu: sweta la sare.

Baridi inayowashangaza wageni

Mtu wa pwani anayehamia Dodoma kwa mara ya kwanza huja na mashati mepesi, akiamini kwamba nchi ya ukame ni nchi ya joto mwaka mzima. Juni humfundisha. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, na mwezi Juni na Julai upepo huanza alfajiri na kuendelea hadi jua lipande. Usiku joto hushuka hadi nyuzijoto 13 au 14. Watoto huenda shule wamekunja mikono kifuani. Bodaboda hawatoki bila jaketi na boshori.

Huo ndio msimu wa kwanza wa duka la nyuzi, na kwa bahati nzuri unaangukia wakati watu wana fedha. Mvua za uwanda wa kati ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo mtama, uwele na alizeti huvunwa, na fedha za mavuno huonekana mijini na minadani wakati uleule baridi inapoingia. Mama aliyeuza alizeti Kibaigwa hununua uzi wa masweta ya watoto akiwa hajaombwa.

Msimu wa pili ni Januari, shule zinapofunguliwa. Huu ni mgumu zaidi. Sikukuu zimepita, akiba ya chakula imepungua, mvua bado inaendelea na shamba linadai palizi. Mahitaji ni makubwa kuliko Juni, lakini fedha ni kidogo. Mwenye duka anayeelewa kalenda hiyo huanza kupokea malipo ya kudunduliza tangu Oktoba. Mteja huchagua rangi, uzi unafungwa kwenye mfuko wenye jina lake, naye hulipa elfu mbili leo na elfu tatu wiki ijayo. Utaratibu huo hauhitaji benki. Unahitaji daftari lililoandikwa vizuri na mtu anayeaminika.

Ndani ya fremu

Maduka mengi ya namna hii ni fremu moja, au nusu ya fremu iliyogawanywa na fundi cherehani. Ukisimama mlangoni, kinachokukaribisha ni rangi. Bluu ya bahari, kijani cha chupa, kijivu, njano ya yai, ugoro, na ile inayotakiwa na shule nyingi, damu ya mzee. Uzi mwingine umekuja katika madonge ya gramu 50 au 100 yenye karatasi kiunoni. Mwingine uko kwenye koni kubwa na unauzwa kwa kupimwa kwenye mizani. Chini ya kaunta kuna sindano za kufumia za unene mbalimbali, sindano za kroshia, vifungo, zipu, lastiki, uzi wa kudarizi na uzi wa cherehani.

Ukikaa hapo nusu siku utagundua kwamba wateja ni wa aina nyingi. Msusi anakuja mbio kuchukua uzi mweusi wa kusukia, kwa sababu mteja wake ameshakaa kwenye kiti. Fundi wa jirani anataka zipu. Mzee kutoka Kondoa anatafuta uzi mweupe wa kudarizia kofia. Binti mjamzito anaingia taratibu, anamsalimia mwenye duka shikamoo mama, kisha anauliza uzi upi ni laini kwa mtoto. Hapo mauzo husimama kidogo na mazungumzo huanza: mwezi gani anatarajia, atafuma mwenyewe au atamtafuta mtu, rangi ya maziwa au ya limau. Mwenye duka anayejua kazi atamshauri achague uzi usio na manyoya marefu, kwa sababu mtoto huweka kila kitu mdomoni, na atamwambia kwamba gramu 150 zinatosha kofia, soksi na kisweta.

Vitu vidogo vya pembeni, yaani zipu, lastiki na uzi mweusi, ndivyo vinavyotoka kila siku, na mara nyingi ndivyo vinavyolipia chakula cha mchana. Uzi wa sweta hutoka kwa mafungu na kwa misimu, na humeza mtaji kwa miezi. Duka lenye rangi 30 lazima liwe na uzi wa kutosha katika kila rangi, maana mteja wa kijani cha chupa hawezi kuridhishwa na kijani cha majani. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na duka lililojaa hadi darini na asiwe na shilingi mkononi.

Mazingira ya Dodoma nayo yana madai yake. Vumbi hukaa kwenye uzi na haling'oki kwa kukung'utwa, hivyo rangi nyepesi lazima ziwekwe kwenye mifuko angavu. Jua hupausha: donge lililoning'inizwa mlangoni kama tangazo hupoteza rangi upande mmoja baada ya majuma machache. Maji ya visima yana chumvi na sabuni haikolei povu upesi, na muuzaji mzuri humwonya mteja kwamba sweta jeupe lisiposuuzwa vizuri litakauka likiwa gumu.

Hesabu ya kilo thelathini

Tuchukue mfano wa kufikirika, kwa tarakimu rahisi, ili tuone jinsi biashara hii inavyokaa. Tuseme mwenye duka anauza gramu 100 za uzi kwa shilingi 3,500, na baada ya kutoa gharama ya kuununua na kuusafirisha anabaki na shilingi 500. Tuseme pia kodi ya fremu ni shilingi 150,000 kwa mwezi, ambayo kwa kawaida mwenye nyumba huitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Ili alipe kodi ya mwezi mmoja tu, kabla hajala wala hajalipa umeme, lazima auze kilo 30 za uzi.

Sweta la mtoto wa shule linakula kama gramu 250. Kilo 30 ni masweta 120. Maana yake ni kwamba kila mwezi, mahali fulani katika mitaa inayozunguka duka hilo, lazima wawepo watu wanaofuma masweta 120 au kazi zinazolingana nayo. Mfumaji mmoja wa mkono anayefuma jioni baada ya kazi za nyumbani huenda akamaliza masweta mawili au matatu kwa mwezi. Duka hilo linahitaji wafumaji wa aina hiyo kati ya 40 na 60, au wachache wenye mashine, ili mlango uendelee kufunguliwa.

Mfumaji naye ana hesabu yake. Gramu 250 kwa bei ile ni shilingi 8,750. Akiuza sweta kwa shilingi 18,000 anabaki na shilingi 9,250 za jasho lake. Kama duka linauza madonge mazima tu, atalazimika kununua matatu kwa shilingi 10,500, na nusu donge litabaki kwenye kapu. Ndiyo maana mizani ina thamani kubwa katika duka la nyuzi. Kumpimia mtu gramu anazohitaji ni kumwongezea kipato bila kushusha bei, na mfumaji aliyeongezewa kipato hurudi.

Kariakoo kwa siku moja

Mzigo unatoka Kariakoo. Kwa miaka mingi kufuata mzigo kulimaanisha kupanda basi, kukaa barabarani karibu siku nzima kwa kilomita 450 hivi, kulala Dar es Salaam, na kurudi ukiwa umelipia malazi, chakula na mizigo. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyozinduliwa rasmi Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, imebadili hesabu hiyo. Safari ya saa nne au chini yake inamwezesha mwenye duka kuondoka alfajiri, kununua, na kurudi kulala kwake.

Hata hivyo nauli ni nauli. Ilipoanza, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 31,000 kwa safari moja, yaani shilingi 62,000 kwenda na kurudi. Kwa faida ya shilingi 500 kwa gramu 100, nauli hiyo peke yake inameza faida ya zaidi ya kilo 12 za uzi. Ndiyo maana wengi huagiza kwa simu, hulipa kwa simu, na kupokea furushi lililotumwa na basi.

Hatari ya kuagiza kwa simu iko kwenye rangi. Picha ya simu haisemi ukweli wa damu ya mzee. Inaweza kuionyesha nyekundu zaidi au nyeusi zaidi. Isitoshe, kiwanda hupaka uzi rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo una namba yake kwenye karatasi ya donge. Madonge mawili yenye jina moja la rangi na namba tofauti yanaweza kupishana kidogo, kiasi kwamba dukani huoni tofauti lakini kwenye sweta lililokamilika mkono wa kushoto unaonekana umetoka nyumba nyingine. Mwenye duka mwangalifu huandika namba hizo, humshauri mfumaji achukue uzi wote wa kazi moja kwa mara moja, na humwekea akiba ya donge moja hadi amalize.

Waliozoeana na wauzaji wa jumla hupewa mali kauli: chukua mzigo leo, lipa ukishauza. Ni heshima na ni mzigo pia, kwa sababu uzi ulioletwa kwa ajili ya Juni usipouzwa Juni utasubiri Januari, ilhali mwenye mali hawezi kusubiri. Uaminifu huo ukivunjika mara moja, kuujenga tena huchukua miaka.

Nchi iliyotoza ushuru wa nguo

Uhusiano wa uwanda huu na nyuzi za ng'ambo si wa jana. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita Ugogo, na watemi wa Kigogo waliokuwa na mamlaka juu ya visima na njia walitoza hongo. Hongo ililipwa kwa shanga na zaidi kwa nguo, zikihesabiwa kwa doti, yaani yadi nne. Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote walilazimika kufungua marobota yao.

Nguo iliyotakiwa sana ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba ya viwanda hivyo, nafasi yake ilichukuliwa na nguo za Uingereza na Bombay. Mtemi wa Ugogo alihisi bei ya pamba ya Marekani kupitia doti alizopokea, kama leo mwenye duka la Majengo hapa Dodoma anavyohisi bei ya mafuta ya petroli kupitia koni ya akriliki.

Kabla na wakati wa biashara hiyo, mafundi wa Unyamwezi na Ufipa walikuwa wakilima pamba, wakiisokota na kuifuma kwa mitambo ya miti. Nguo za ng'ambo zilishuka bei, na mafundi hao wakapungua kizazi baada ya kizazi. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na maduka ya nguo na mahitaji yakafuata reli. Eneo la Uhindini linabeba hadi leo kumbukumbu ya wafanyabiashara waliofungua maduka hayo.

Baada ya uhuru taifa lilijaribu kuurudisha uzi nyumbani. Kiwanda cha Urafiki kilianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwatex ilisimama Mwanza, Mutex Musoma, na Tabora ikapata kiwanda chake cha nyuzi, karibu na mashamba ya pamba ya magharibi. Mambo yalikwenda, kisha yakakwama: umeme, vipuri, madeni, ushindani. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 mitumba iliingia kwa wingi, viwanda vikabinafsishwa, na cha Tabora kikasimama kwa miaka mingi. Hadi sasa sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini ikiwa imechambuliwa tu. Simiyu, Shinyanga na Igunga wanalima, wengine wanasokota, sisi tunanunua.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilitishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru; Rwanda ilishikilia msimamo na ikaondolewa nafuu hiyo kwa mavazi mwaka 2018, wengine wakarudi nyuma. Mnada wa Msalato, Jumamosi yoyote, utakuonyesha matokeo: sweta la mtumba linaweza kuuzwa kwa bei iliyo chini ya uzi wa kulifuma jipya. Mwenye duka la nyuzi hawezi kushindana na bei hiyo. Anaweza kushindana mahali ambapo mtumba haufiki, na sehemu hizo zipo.

Mikono inayofuma

Ufumaji wa sindano uliingia uwanda huu kupitia misheni, kama ile ya Mvumi, na kupitia madarasa ya wanawake ya kabla na baada ya uhuru. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioanzishwa mwaka 1962 chini ya Bibi Titi Mohamed, pamoja na maofisa wa maendeleo ya jamii, walieneza madarasa ya kushona, kufuma, mapishi na malezi hadi vijijini. Kizazi hicho ndicho kilichojaza sebule za Tanzania vitambaa vya makochi na vya meza. Wengi wao sasa ni bibi, na vidole vyao bado vinakumbuka.

Kwa muda ilionekana kwamba ujuzi huo utaondoka nao. Kisha vijana wakaurudia kwa njia yao. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimeleta maelfu ya wanafunzi kwenye vilima vya mashariki mwa mji, na miongoni mwao wapo mabinti, na wavulana pia, wanaojifunza kroshia kwa video za simu na kuuza mikoba, vitopu, kofia na vishikio vya funguo kwa wenzao. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 iliacha pengo ambalo mkoba wa kufumwa unaweza kuliziba. Vijana hawa hununua uzi wa pamba na rangi ambazo bibi zao hawakuziuliza. Mwenye duka anayesikiliza huleta rangi hizo. Anayewaona kama wapita njia huwapoteza.

Mji wenyewe umekua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la Jiji la Dodoma; ya 2022 ilihesabu 765,179. Serikali imehamia, Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, na familia zilizotoka Dar es Salaam zimekuja na watoto, na pia na desturi za kichen pati na arobaini ambazo zawadi ya kufumwa ina hadhi ndani yake. Hapo mtumba hauingii. Hakuna anayempelekea mzazi mpya soksi zilizovaliwa na mtoto mwingine huku akijua kwamba angeweza kumfumia.

Maduka yanayofanya vizuri yana kiti, wakati mwingine benchi tu. Mteja aliyekosea mstari hukaa, mwenye duka hufumua safu tatu, humwonyesha, na humrudishia kazi. Huduma hiyo haina bei kwenye ukuta. Lakini kila mtu aliyefundishwa kwenye benchi lile ni mnunuzi wa miaka 20 ijayo, na nadhani hakuna matumizi bora ya dakika 15 katika biashara hii.

Mtaji na watu wanaoukausha

Wenye maduka madogo huanza kwa akiba, mchezo wa fedha na VICOBA. Hizi ni njia nzuri kwa sababu marejesho yanaendana na uwezo wa kikundi. Tatizo huja Desemba, wakati mzigo wa Januari unapotakiwa na fedha hazitoshi. Hapo ndipo mikopo ya kausha damu inapobisha hodi: fedha ndani ya saa moja, marejesho kila siku au kila wiki, riba inayozidi faida ya uzi mara nyingi. Uzi hauuziki kwa kasi ya kulipa deni la kila siku. Bandubandu huisha gogo, na maduka kadhaa huisha hivyo, rafu moja baada ya nyingine.

Kuna mlango mwingine unaopaswa kutumiwa zaidi. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea 2024. Inatolewa kwa vikundi. Kikundi cha wafumaji kilichojisajili kinaweza kununua mashine ya kufuma sweta, ile ya mezani ambayo kigari chake husukumwa kulia na kushoto juu ya safu ya sindano, na mzoefu akatoa sweta la mtoto kwa siku moja. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA zipo Dodoma kwa ushauri na mafunzo.

Wapo wanaohofia kwamba mashine itaua sindano. Hofu hiyo ni ya zamani. Husimuliwa kwamba William Lee, Mwingereza aliyebuni mashine ya kwanza ya kufuma mwaka 1589, alinyimwa hataza na Malkia Elizabeth wa Kwanza kwa kuwa malkia aliogopea riziki ya wafumaji wa mkono. Kwa duka la nyuzi la Dodoma, mashine moja hula uzi wa wafumaji wengi, na huliweka hai duka ambalo wafumaji wa sindano nao hulitegemea. Mashine inafuma mwili wa sweta la shule. Sindano inafuma kisweta cha mtoto chenye maua. Vyote vinanunua kwenye rafu ileile.

Uamuzi ulio shuleni

Narudi kwenye kilo 30. Zawadi za watoto na mikoba ya kroshia haziwezi peke yake kuuza kilo hizo kila mwezi. Sweta la sare linaweza. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa yamejaa, na sare imebaki jukumu la mzazi. Kila Januari maelfu ya wanafunzi wa Dodoma, Singida na Manyoni huanza kidato cha kwanza, na wengi wao hutakiwa sweta lenye rangi maalumu. Hitaji hilo linajulikana, linajirudia kila mwaka, na lina rangi inayotambulika. Hakuna mfumaji anayeweza kuomba soko bora zaidi.

Tatizo ni muda na taarifa. Matokeo ya waliochaguliwa hutoka Desemba, orodha ya mahitaji hufika nyumbani wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, na rangi imeandikwa kwa neno moja tu. Mzazi hana muda wa kumtafuta mfumaji, na mfumaji hana uhakika wa kununua uzi mapema. Mfanyabiashara mkubwa aliyekwishajaza masweta kutoka mbali ndiye anayeuza, na fedha hiyo huondoka mjini bila kupita kwenye mikono ya mama yeyote wa Chang'ombe au Nkuhungu.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti. Kila bodi ya shule itangaze rangi na mtindo wa sweta lake ifikapo Oktoba, na ipeleke kipande cha uzi wa rangi hiyo, chenye namba yake, kwenye maduka ya nyuzi ya wilaya. Shule isimteue muuzaji mmoja, kwa maana wazazi wamekwishaumizwa na utaratibu huo. Iache kila mfumaji afume, mradi rangi na vipimo vifanane na sampuli. Mwenye duka ataleta uzi akijua utauzwa. Kikundi kitaomba mkopo wa halmashauri kikiwa na soko mkononi. Mzazi atapimiwa mtoto wake, atalipa kidogo kidogo hadi Januari, na sweta likichanika kiwiko atajua pa kulipeleka.

Shule zenye mkondo wa amali, ulioanza mwaka 2024, zinaweza kwenda mbele zaidi. Wanafunzi wanaojifunza ushonaji na ubunifu wa mavazi wafundishwe pia kufuma sweta la shule yao, kwa uzi ulionunuliwa kwenye duka la jirani. Watamaliza wakiwa na ujuzi ambao una wateja kuanzia siku ya kwanza.

Uwanda huu uliwahi kuzipokea nguo za dunia na kuzitoza ushuru kwa kupita tu. Hatuwezi kumgeuza kondoo wa Ugogo awe wa sufu, na kiwanda cha kusokota hakijengwi kwa maazimio ya makala. Lakini saa zote zinazotumika kugeuza gramu 250 za uzi kuwa sweta zinaweza kulipwa Dodoma. Wazazi wanaweza kuliuliza hilo kwenye kikao chochote cha shule kuanzia mwezi huu: rangi ya sweta la mwaka ujao ni ipi, na itatangazwa lini?